Mashini Isiyoogopa Miguu

Dimanche, 1 septemba

Mvua imeanza, na mama mkwe wangu, Mama Kahongya, amefika.

Mimi na mume wangu Éliakim tulimngojea asubuhi yote pale yanaposimama magari yanayotoka Beni. Alikuwa amepiga simu kusema anakuja kukaa kwetu Butembo mpaka kwake Mulekera, mtaa wa Beni, kutulie kidogo. Majirani zake wengi wameshahama, na yeye amechoka kulala na viatu miguuni, tayari kukimbia. Nilijua atashuka na masufuria yake makubwa, yale ya karamu, ambayo wake wote wa ukoo huu tunayatolea macho.

Alishuka na mfuko mmoja wa nguo. Nyuma yake wanaume wawili walikuwa wanahangaika na kabati la mbao lenye miguu minne, limefungwa kwa bâche, turubai la mvua. Ni tourne-disque, ya kizamani kabisa. Upande mmoja ina redio, upande mwingine mahali pa kuzungushia sahani za muziki, na spika imejificha nyuma ya kitambaa cha rangi ya chai. Baba mkwe aliinunua wakati kahawa bado ina bei, kabla Éliakim hajazaliwa. Sahani zenyewe zilikuja ndani ya gunia, zimepangwa katikati ya blanketi.

Nilimuuliza masufuria yamebaki wapi.

“Nimeachia jirani,” akasema. “Masufuria iko kila fasi, hata hapa Butembo.”

Nyumba yetu ni ya mbao mpaka sakafu, na ina sebule moja ambamo ninashonea nguo za watu. Kabati limewekwa mahali pa meza yangu ya kukatia. Éliakim ameniomba nivumilie. Nimesema sawa.


Mercredi, 4 septemba

Mvua mchana kutwa. Nimekata gauni la bibi harusi juu ya kitanda.


Dimanche, 8 septemba

Leo nimerudi kutoka misa nikakuta viti vyetu vyote viko nje chini ya paa la jikoni, na sebule imejaa wanawake nisiowajua.

Mama Kahongya amekaa kwetu juma moja tu, na tayari amewakusanya wanawake wa kule Beni na vijijini mwake ambao wamehamia mtaa wetu. Amewaokota kisimani, sokoni, kanisani. Aliwaambia waje dimanche baada ya misa na chakula, waje na miguu yao tu. Akaweka sahani, akashusha sindano, na gitaa likaanza. Rumba ya zamani, ile inayokwenda taratibu kama mtu anayeshuka mlima huku anapiga hadithi. Wakacheza. Mbao za sakafu ziliyumba mpaka pini zangu zikawa zinaruka ndani ya kopo.

Nilijifungia chumbani na shati la mteja. Nilikasirika, siwezi kuandika vingine. Hakuniuliza.

Jioni alinisaidia kurudisha viti ndani, akapanga kila kimoja palepale kilipokuwa. Akaniambia dimanche ijayo nitoke, chumbani hakuna mwanga wa kushonea.


Jeudi, 12 septemba

Courant ya umeme imekatika tangu jana. Nyumba iko kimya. Nimemaliza nguo zote.


Dimanche, 15 septemba

Leo nilitoka. Nilikaa kwenye kona na kushona vifungo, kwa hiyo niliona vizuri.

Mama Kahongya hachezi sana yeye mwenyewe. Anasimama karibu na mashini, mkono mmoja juu ya mbao, anaangalia miguu ya watu. Kuna mama mwenye mgongo mbaya. Kwake anaweka wimbo wa polepole, na hasemi ni kwa ajili ya nani. Kuna wasichana wawili wanaocheka ovyo; anawawekea ule wenye ngoma nyingi mpaka jasho linawatoka na kicheko kinapata kazi. Na kuna Débora.

Débora ana umri wangu. Mume wake aliuawa na waasi shambani mwaka jana, upande wa mashariki ya Beni, nao walikuwa wanavuna kakao. Ana watoto wawili. Haongei sana. Mama mmoja alianza kumuuliza ilikuwaje siku ile, na Mama Kahongya akainua sindano juu ya sahani, muziki ukakatika, wote wakageuka.

“Hapa hatuulizane habari,” akasema kwa upole. “Hapa tunacheza. Mwenye atapenda kusema, atasema yeye mwenyewe.”

Akashusha sindano. Débora alicheza sahani zote mbili zilizofuata, macho chini, mabega yanafuata gitaa bila kukosea hata mara moja. Sijaona mtu anacheza vile.


Dimanche, 22 septemba

Mashini imeanza kuchoka. Katikati ya wimbo mwimbaji alishuka sauti, akawa mwanaume mzee, kisha akawa ng'ombe. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Mama Kahongya pia alicheka, kisha akaweka kidole pembeni ya sahani na kuisukuma taratibu kwa mwendo wake wa kweli, wimbo mzima, mpaka mwisho. Ana zaidi ya miaka sabini.


Mardi, 24 septemba

Éliakim ni mwalimu wa shule ya secondaire, na akipata tatizo anapenda kulisomea. Ametumia jioni yote kwenye simu anatafuta habari za tourne-disque. Anasema kuna njia mbili: kuitengeneza ile ya zamani na kuipa viungo vipya, au kuiacha na kutafuta nyingine. Amesoma kwamba watu huko Ulaya wanagombana sana juu ya jambo hili.

Mimi nilisema aiache. Nilikuwa nafikiria meza yangu.

Tukamwita mama yake tumuulize. Nilidhani atalia, au atasema ni kumbukumbu ya marehemu. Alimsikiliza mwana wake mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: hiyo nyingine, wanawake kumi na tano wakicheza juu ya mbao, itafanya nini? Éliakim akarudi kwenye simu. Hakupata mahali palipoandikwa hilo.


Dimanche, 6 oktoba

Mama Kahongya amesukuma sahani kwa kidole tena, nyimbo zote. Baadaye nilimkanda bega. Hakuniomba, niliona tu jinsi alivyokuwa anashika kikombe cha chai.

Wifi yangu Eliane, ambaye anafanya biashara Kampala, amesikia habari hizi kwa Éliakim. Atatuma mashini mpya. Amesema ni nzuri sana, rangi ya waridi, inafungwa kama valise, sanduku la safari.


Vendredi, 18 oktoba

Valise imefika na gari la mizigo, kavu kabisa, ingawa barabara imekuwa uji. Ni nyepesi kama kikapu. Mama Kahongya aliifungua, akaifunga, akaifungua tena, akaniambia Eliane ana moyo mzuri tangu utoto wake.


Dimanche, 20 oktoba

Niandike yaliyotokea leo jinsi yalivyokuwa, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kuona mwanamke mzee anakataa kitu kipya, na sikuona hivyo.

Kabati lilisukumwa ukutani, valise ikawekwa juu ya kiti. Mama Kahongya akachagua sahani anayoipenda kuliko zote, akapuliza vumbi, akashusha ile sindano ndogo. Sauti ilitoka safi. Hata mimi nilisikia ala moja ndogo nyuma ya gitaa ambayo sikuwahi kuisikia. Yeye alifumba macho na kutikisa kichwa kwamba ndiyo, ndiyo. Akawaita wanawake waingie uwanjani.

Hatua ya kwanza, sindano ikaruka. Hatua ya pili, ikarudi nyuma. Mwimbaji akawa anasema neno moja lilelile kama mtu aliyepigwa na butwaa. Wakahamisha kiti kwenye kona, ikaruka. Wakaiweka dirishani, ikaruka. Waliiweka hata juu ya mto wa kulalia. Débora alivua viatu, akacheza kwa ncha za vidole, na wengine wote wakamuiga, sebule nzima ya wanawake wanakanyaga kama wezi, na bado iliruka.

Mama Kahongya aliizima, akaifuta kwa kitambaa na kuifunga.

“Iko muzuri, na sauti yake iko safi,” akasema. “Lakini inaogopa miguu.”

Hakumsema Eliane vibaya, hakuisema mashini vibaya. Alimpigia simu Kampala hapohapo, akamshukuru mbele yetu sote, akamwambia itatumika siku za kusikiliza. Kisha akarudi kwenye kabati lake, kidole tayari. Siku zote nilidhani anang'ang'ania ile mbao kwa sababu ya zamani. Yeye anafikiria miguu ya wale wanawake tu.


Jeudi, 24 oktoba

Mama Kahongya anamjua mtu Beni, anaitwa Ibrahim, fundi wa redio ambaye pia ana camionnette ya kubebea mizigo. Zamani alikuwa anaitengeneza mashini hii kila mara. Wamezungumza kwa simu. Anaweza kuiokoa, lakini lazima aione. Éliakim amesema barabara haijatulia, tungoje. Mama yake amesema sawa, tungoje.


Lundi, 28 oktoba

Débora ameenda kuvuna kakao yake. Amewachukua watoto wote wawili, kwa sababu hana wa kumwachia na mikono yao inasaidia. Tulimwambia abakie. Akasema mume wake aliipanda yeye mwenyewe ile miti, na kama hataenda, watavuna wengine.


Dimanche, 3 novemba

Amecheza kila mtu isipokuwa Débora. Simu yake haipiti.


Mardi, 5 novemba

Habari mbaya asubuhi. Vijiji vya upande ule vimevamiwa usiku wa jana. Watu wanakimbilia Beni kwa miguu. Redio haikutaja majina, na majina ndiyo tunayoyataka. Nimempigia Débora mpaka simu yangu imekwisha moto, betri tupu. Mama Kahongya amekaa karibu na kabati bila kuliwasha. Hakula.


Mercredi, 6 novemba

Mama Kahongya ametangaza kwamba kesho anaipeleka mashini kwa Ibrahim. Éliakim alishangaa: siku zote hizi amekubali kungoja, sasa ndiyo anataka kwenda? Akajibu kwamba kidole kimechoka. Kuna dereva aliyeleta ndizi sokoni ambaye atarudi Beni na gari tupu, ni mtu wa kanisa, anaijua njia. Éliakim ana mitihani ya wanafunzi. Nikasema nitamsindikiza mimi, kwa sababu Mama hawezi kuinua hata mguu mmoja wa kabati lile.


Dimanche, 10 novemba

Tumerudi jana. Mikono inaniuma lakini nataka kuandika yote.

Jeudi tuliondoka asubuhi mapema. Kabati lilifungwa kwa kamba nyuma, nasi tukakaa pembeni yake chini ya bâche, na gunia la sahani juu ya mapaja ya Mama. Tulipopita Kalunguta mvua ilipiga mpaka hatukuona mashamba ya kando ya njia. Tulikutana na watu wengi wanaokuja upande wetu, na magodoro kichwani, na mbuzi. Kila mara alipoona mwanamke na watoto, Mama Kahongya alitoa kichwa nje na kuwaangalia mpaka wapotee. Hapo ndipo nilianza kuelewa kwamba safari haikuwa ya mashini.

Beni kulikuwa na joto, na jua limetoka kama vile hakukuwa na mvua mahali popote. Ibrahim alitupokea vizuri. Ni mzee mwembamba, kofia nyeupe, anaongea kidogo. Aliifungua mashini kwa nyuma, akainama na kuisikiliza inavyozunguka. Akatueleza kwamba moteri bado ni nzima. Kilichokufa ni gurudumu dogo la mpira linalosukuma sahani, limekauka, na sindano nayo imekwisha. Anaweza kuweka vingine vinavyolingana, irudi ilivyokuwa. Au anaweza kuitoa tumbo lote na kuweka viungo vya kisasa, ipokee hata muziki wa simu, lakini basi itakuwa ni kabati tu lenye mashini ngeni ndani. Alikuwa bado anaeleza nilipogeuka kumuuliza Mama anachagua nini, na Mama hakuwepo.

Alikuwa barabarani, tayari anapanda taxi-moto, pikipiki ya abiria.

Nilimkimbilia. Nilimuuliza anaenda wapi, na nadhani nilipaza sauti, kwa sababu watu waligeuka. Akaniambia anaenda Mulekera, paruwasi ya kanisa imefungua ukumbi kwa waliokimbia, atamtafuta Débora hapo kwanza.

“Kama ningesema kwa Éliakim, angenikatalia,” akasema. “Na telefone yake haipite. Donc miye nitaenda mwenyewe. Wewe bakia na mashini.”

Sikubakia. Nilipanda moto ya pili.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Watu wamekaa kwenye mikeka, na wengine hawana mkeka. Nilikuwa naogopa kuangalia nyuso. Mama Kahongya hakuogopa. Alipita safu kwa safu, akainama kwa kila mmoja, akasalimia kwa Kinande, akauliza jina la kijiji na jina la Débora. Wengi walimjua, ni mtaa wake. Mama mmoja alimshika mkono na hakutaka kuuachia, basi akakaa naye, akangoja mpaka yule mama aachie mwenyewe, ndipo akaendelea. Mimi ningeshaanza kulia. Yeye alikuwa kama anapanga sebule yetu dimanche, anaangalia nani anahitaji nini.

Hatukumpata. Vendredi tulirudi ukumbini, tukaenda na kwenye shule ambako kuna wengine, hatukumpata. Nilianza kutafuta maneno ya kumwambia, kwamba tumefanya tulichoweza. Yeye akasema bado kuna zahanati.

Débora alikuwa nyuma ya zahanati, ameketi kwenye jiwe, anafua shati la mtoto ndani ya beseni la kuazima. Miguu yake ilikuwa imefungwa bandeji. Watoto wake wote wawili walikuwa pale, mmoja amelala, mwingine anaangalia maji. Walitembea msituni siku mbili. Kakao ilibaki, simu ilibaki, viatu vilibaki.

Alituona akasimama. Mama Kahongya hakumuuliza kitu. Alivua kitenge chake cha juu, akamfunga Débora kiunoni, akachukua lile shati kutoka mikononi mwake na kuanza kulikamua. Ndipo Débora akaanza kusema yeye mwenyewe. Alisema yote, ya juma hili na ya mwaka jana, hali amesimama. Sitayaandika, ni yake. Mama Kahongya alimsikiliza mpaka mwisho, shati mkononi.

Samedi asubuhi tulirudi kwa Ibrahim. Alikuwa ameshamaliza kazi: gurudumu na sindano vingine, tumbo ni lilelile. Aliiwasha, na ule wimbo ukatoka na mwendo wake sawasawa, sauti ya kiume ya kweli, wala si ya mzee wala si ya ng'ombe. Nilijikuta natabasamu. Siku hiyo alikuwa anapeleka bidoni za mafuta ya mawese Butembo, na angetubeba.

Lakini camionnette ilikuwa imejaa. Palibaki nafasi ya kabati na sisi wawili, basi. Débora na miguu ile hawezi kupanda moto, tena na watoto, na barabara yenyewe, kila siku inafunguliwa na kufungwa.

Nimechekeshwa na nafsi yangu tangu jana, kwa sababu mimi ndiye nilianza kuitetea mashini. Nilimwambia Mama tuipandishe, tumuombe Ibrahim arudi juma lijalo amchukue Débora, zahanati wanamtunza vizuri. Nilisema imetengenezwa sasa, haitapatikana nyingine kama hii, wanawake wanaingojea. Nilisema maneno mengi.

Mama Kahongya aliweka mkono juu ya mbao, kama anavyofanya siku zote. Ibrahim alingoja, kamba mkononi.

“Iache ikae Beni, Papa Ibrahim,” akasema. “Mumoja wetu abakie huku mpaka nitarudi kwangu.”

Ibrahim aliitikia kwa kichwa taratibu. Akaahidi kuipigisha muziki kila juma, kusudi moteri isigande. Mama akamshukuru, akampa mkono, kisha akageuka na kunyanyua mtoto mdogo wa Débora, akamweka mahali ambapo kabati lingesimama. Hakuangalia nyuma. Mimi ndiye niliyeangalia, mpaka tulipokata kona.

Njiani mtoto alilala juu ya gunia la sahani. Tulifika Butembo alasiri, katika ukungu, na Éliakim alikuwa amesimama barabarani bila mwavuli. Hakumgombeza mama yake. Aliona nani ameshuka, akambeba Débora mgongoni mpaka ndani.


Lundi, 11 novemba

Mvua. Meza yangu imerudi mahali pake. Sebule imekuwa kubwa kupita kiasi.


Dimanche, 17 novemba

Wanawake walikuja kumuona Débora. Mmoja alianza kupiga makofi ili tucheze kwa kuimba wenyewe. Waliimba vizuri. Mama Kahongya alisikiliza kwa heshima wimbo mmoja, wa pili, kisha akasema kuimba tunaimba kanisani, hapa anataka gitaa. Wote wakacheka, na Débora pia, akafunika mdomo.

Nilipokuwa naosha vikombe nilimuuliza kama anajuta. Akaniuliza ajute nini. Nilipotaja mashini akasema hapana, lakini bega lake linasikitika, lilikuwa linasubiri kucheza bila kusukuma sahani. Kisha akanishika mkono wenye povu na kusema kwamba samedi twende sokoni mimi na yeye kutafuta mashini nyingine. Siku ile pale Beni alikuwa amenisikia namna nilivyoitetea, akaona sasa najua kuchagua.

Sijawahi kupewa sifa na mama mkwe wangu. Nimeiandika ili isipotee.


Jeudi, 21 novemba

Débora ametembea mpaka kisimani na kurudi. Anataka kujifunza kushona. Nimemwonyesha mishono ya pembeni. Vidole vyake vina mwendo.


Samedi, 23 novemba

Karibu na soko kuna duka la Sadrack, kijana anayeuza vyombo vya muziki vilivyotumika, vinavyoingia kutoka Uganda. Tulienda na valise ya waridi. Eliane mwenyewe ametupa ruhusa tuibadilishe, amesema afadhali wacheze.

Sadrack alipenda valise mara moja, watu wa harusi wanaiulizia. Alitupa tuchague katika tatu zilizokuwa kwenye rafu ya chini. Akaanza kutueleza ile yenye taa za rangi. Mama Kahongya alimsikiliza mpaka akamaliza, akamshukuru, kisha akaomba ziwekwe zote chini, sakafuni. Duka lile nalo lina sakafu ya mbao. Alitoa sahani ndani ya mfuko, ile anayoipenda kuliko zote, akaiweka kwenye mashini ya kwanza, ile ya taa. Akapandisha kitenge kidogo, akacheza pembeni yake.

Wateja waliacha kuuliza bei. Mama wa miaka sabini na zaidi, peke yake katikati ya duka, anacheza rumba na macho kwenye sindano. Ikaruka. Akaizima.

Ya pili ikazunguka vizuri mpaka alipokanyaga kwa nguvu kwenye kiitikio. Ikaruka. Akaizima.

Ya tatu ilikuwa mbaya kwa sura, nyeusi, imekwaruzwa, kifuniko kimepasuka. Lakini nilipoisogeza niliona uzito wake: ile sehemu ya kuzungusha ni chuma tupu, na miguu yake ni ya mpira mnene. Nilimwambia Mama naona ni hii. Akaiwekea sahani. Akacheza polepole, ikatulia. Akacheza kwa nguvu, ikatulia. Sadrack akasema basi, imepita mtihani, aifunge kwenye karatasi.

Mama Kahongya akatikisa kichwa kwamba bado. Alikuwa anahema, jasho kwenye paji la uso. Akaninyooshea mkono.

“Ingia, mukamwana. Dimanche hatuchezake mutu mumoja.”

Nilikuwa na aproni yangu ya kazi, na pini kifuani, na wateja wangu wawili wamesimama mlangoni. Msimu mzima nimekaa kwenye kona na vifungo. Nikaweka mfuko chini, nikaushika ule mkono.

Ananiongoza kwa vidole viwili tu, hivyo ndivyo anavyofanya, na mtu anajua aende wapi. Tulizunguka katikati ya redio na spika. Mbao ziliyumba. Mmoja wa wateja wangu akaingia, halafu mwenzake, halafu mama aliyekuwa anauza nyanya nje, na Sadrack akatoka nyuma ya meza yake kwa sababu hapakuwa na namna nyingine ya kusimama. Kwenye kiitikio tulikanyaga wote pamoja, kwa nguvu, na nikageuza kichwa kuangalia chini.

Sindano haikuruka.